Uhusiano wa Binadamu na Mnyama Hausomeki Bila Swali la Mwanamke

Mwaka 1961 jarida la Marekani la Scientific American lilichapisha makala ya wanaanthropolojia Sherwood Washburn na Irven DeVore kuhusu maisha ya nyani. Nyani wenyewe walikuwa wa Kenya, wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na wa Amboseli. Msomaji alioneshwa kundi linalokatiza mbuga kama kikosi cha askari: madume wa cheo cha chini wametangulia na wengine wamefunga msafara, madume wakubwa wako katikati karibu na majike wenye watoto, na akitokea adui, madume ndio wanaosimama kumkabili. Picha hiyo haikubaki kwa nyani. Kwa kuwa mababu wa binadamu nao waliishi mbugani, wataalamu waliona katika kundi lile mfano wa jamii ya kwanza ya watu, na kutoka hapo haikuwa safari ndefu kufika kwenye dai kwamba utawala wa mwanamume umeandikwa na maumbile. Mwaka 1966 lilifanyika kongamano kubwa mjini Chicago lililomweka mwanamume mwindaji katikati ya hadithi ya chimbuko letu, ingawa takwimu za mmoja wa waandaaji wake, Richard Lee, kutoka jangwa la Kalahari, zilionesha kwamba sehemu kubwa ya chakula cha Wasan aliowachunguza ilitokana na mimea, na wakusanyaji wake wakuu walikuwa wanawake.

Katika miaka hiyohiyo, mwanazoolojia Mwingereza Thelma Rowell alikuwa akifuatilia nyani wa Ishasha, magharibi mwa Uganda. Alichokiona hakikufanana na gwaride lile. Hatari ilipotokea, madume, wenye miguu mirefu na wasio na mzigo, ndio waliokuwa wa kwanza kufika juu ya miti. Majike waliobeba watoto ndio waliobaki nyuma. Njia ya kundi iliamuliwa zaidi na majike wazee kuliko na dume yeyote. Ugomvi ulikuwa haba. Ilikuwa rahisi kusema kwamba nyani wa Ishasha ni wa ajabu kwa sababu wanaishi penye miti mingi, lakini Rowell hakukubali kuishia hapo. Aliuliza kwa nini ngazi za ubabe huonekana wazi zaidi pale wanyama wanapofungiwa au wanapomwagiwa chakula mahali pamoja, na akahoji kama ubabe huo ni tabia ya mnyama au ni matokeo ya mazingira aliyowekewa na mtafiti. Swali hilo lilikuwa na historia chungu nyuma yake. Katika bustani ya wanyama ya London, miaka ya 1920, nyani wa aina ya hamadria walirundikwa kwenye kilima kimoja kidogo, madume wakiwa wengi kupita kiasi. Majike walipoongezwa walipiganiwa hadi wengi wao wakafa. Mwanasayansi Solly Zuckerman alikitumia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu maisha ya kijamii ya nyani na sokwe, na kwa muda mrefu maafa ya kizuizini yakasomwa kana kwamba ndiyo asili ya mnyama huyo.

Ninaanza na nyani hawa kwa sababu ndio ushahidi ulio karibu nasi kuliko wote wa jambo ninalotaka kulitetea: kuchunguza uhusiano wa binadamu na mnyama bila kuuliza habari za jinsia na madaraka ni kufanya sayansi nusu. Taaluma inayojengwa juu ya maswali mawili kwa pamoja, la mwanamke na la mnyama, huonekana kwa wengi kuwa kichekesho cha vyuo vikuu vya nchi tajiri. Mimi naiona kuwa kazi halali na ya lazima, na nadhani Afrika Mashariki, ambako ushahidi wake mwingi ulikusanywa, ina sababu kubwa ya kuidai kuwa yake.

Mtu aliyeipa taaluma hiyo sura yake ya sasa kuliko wengi ni Donna Haraway. Alizaliwa Denver, Marekani, mwaka 1944, na akapata shahada ya uzamivu ya biolojia katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1972. Tasnifu yake ilihusu namna tamathali za semi zinavyoongoza fikra za wanabiolojia wanaochunguza ukuaji wa kiinitete: mtu anayekiona kiumbe kama mashine hutafuta vitu tofauti na anayekiona kama kitambaa kilichofumwa. Alifundisha Hawaii, kisha Johns Hopkins, na mwaka 1980 akahamia Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, ambako alifundisha nadharia ya ufeministi na historia ya sayansi. Mwaka 1989 alitoa kitabu kinene, Primate Visions, kuhusu karne ya ishirini ilivyowatazama sokwe, nyani na gorila. Baadaye, mwaka 2003 na 2008, akageukia mbwa na wanyama wengine wanaoishi na watu. Ukiitazama haraka, ni safari ya mtu anayerukaruka. Ukiisoma kwa makini, swali ni lilelile tangu Yale: mtazamaji amesimama wapi, nani amemlipa, anatafuta nini, na mambo hayo yanaacha alama gani katika kile anachotuambia kuhusu kiumbe kilicho mbele yake? Ni swali la mwanabiolojia anayeipenda biolojia kiasi cha kutotaka idanganyike.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa marafiki wa hoja hii kuliko kwa maadui zake. Husemwa kwamba wanawake waliibadilisha elimu ya sokwe na nyani kwa kuwa mwanamke ana huruma, ana subira ya mama, na mnyama humwamini. Hata Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu aliyemsaidia Jane Goodall kufika kwa sokwe wa Gombe na Dian Fossey kufika kwa gorila wa milima ya Virunga, aliamini jambo la namna hiyo. Naona sifa hii ina sumu, kwa sababu inairudisha kazi ya akili kwenye tumbo la uzazi. Ushahidi unaonesha kitu kingine. Jeanne Altmann, aliyeanzisha utafiti wa muda mrefu wa nyani wa Amboseli mwaka 1971, alikuwa amesomea hisabati, na mchango wake mkubwa kuliko wote ni makala ya mwaka 1974 kuhusu namna ya kuchukua sampuli za tabia. Alionesha kwamba mtafiti anayeandika kila kinachomvutia macho hatimaye ataandika ugomvi wa madume, kwa kuwa ugomvi una kelele. Dawa yake ni kumchagua mnyama mmoja, kumfuata kwa muda uliopangwa, kuandika yote anayoyafanya, kisha kumhamia mwingine kwa muda uleule, awe dume mbabe au jike mnyonge mwenye mtoto mgongoni. Kanuni hiyo haina hata chembe ya hisia za kimama, na leo hutumiwa na watafiti wa kiume na wa kike duniani kote. Ila ilipotumiwa, majike waliokuwa kama mapambo ya kundi wakaonekana kuwa na siasa zao, urafiki wao, na urithi wa vyeo kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu nyani mama na watoto wao kiliwasilisha umama kama kazi nzito inayohesabika kwa saa na dakika: saa za kutafuta chakula, za kupumzika, za kunyonyesha.

Kwa hiyo ufeministi haukuleta huruma mahali ambapo sayansi ilikuwa na ukali. Ulileta ukali zaidi. Uliwaambia watafiti kwamba nusu ya kundi haijahesabiwa, na kwamba hitimisho linalotokana na hesabu pungufu ni hitimisho pungufu. Sarah Blaffer Hrdy aliyechunguza tumbili wa India, Shirley Strum aliyeanza na nyani wa Gilgil mwaka 1972, na Barbara Smuts aliyeandika mwaka 1985 juu ya urafiki kati ya madume na majike wa nyani, hawakuwa na msimamo mmoja wa kisiasa, na baadhi ya watafiti wanawake wa kizazi chao hawakulipenda hata jina la ufeministi. Hilo halinisumbui. Harakati za wanawake zilikuwa zimefungua milango ya vyuo na zimefanya maswali fulani yaulizike. Aliyepita mlangoni hakulazimika kubeba bendera.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo lilimkuta Haraway mwenyewe. Primate Visions ilipotoka, baadhi ya wataalamu wa fani hiyo waliikosoa vikali: kwamba inaifanya sayansi kuwa hadithi miongoni mwa hadithi, kwamba mwandishi anasoma picha za magazeti kwa bidii kuliko anavyosoma takwimu, na kwamba lugha yake ni kichaka. Katika hili la mwisho wana haki. Kitabu kile kinamchosha hata msomaji anayekubaliana nacho. Lakini shtaka la kwanza linasahau makala yake ya mwaka 1988, ambamo alikataa pande zote mbili: wanaodai kuona kila kitu kutoka mahali pasipokuwepo, na wanaosema kwamba maoni yote ni sawa. Msimamo wake ni kwamba kila ujuzi una mahali ulipotokea, na kwamba anayetaja mahali pake anawapa wengine uwezo wa kumpima, kumsahihisha na kumwajibisha. Rowell hakusema kwamba DeVore ana ukweli wake naye ana wake. Alisema nyani wa Ishasha hukimbia hivi, nendeni mkatazame. Kuitaja historia ya mtazamaji hakuondoi wajibu wa kutazama, ila kunaongeza wajibu mwingine juu yake.

Na wajibu huo ukitekelezwa kwa uaminifu unamrudia mfeministi mwenyewe, hasa akiwa mzungu. Hapa ndipo Gombe inapotuhusu moja kwa moja. Goodall alifika kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika Julai 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na miezi kumi na saba tu kabla ya Tanganyika kupata wake. Dunia ilihadithiwa habari za msichana aliye peke yake msituni. Hakuwa peke yake. Serikali ya kikoloni ilimtaka awe na mwenzake, akaja na mama yake. Walikuwa na mpishi, na walikuwapo askari wa wanyamapori na wenyeji waliozijua njia za milima ile. Haraway aliichambua picha hiyo, pamoja na tangazo la kampuni ya mafuta la mwaka 1984 lililoonesha mkono wa sokwe katika mkono wa mwanamke mweupe. Alichokiona ni kwamba mwanamke mmoja wa Ulaya amewekwa kuwa mwakilishi wa binadamu wote, na Waafrika wameondolewa kwenye picha ya nchi yao wakati uleule wanapoitwaa nchi hiyo. Sisemi haya kumpunguzia heshima Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91. Kuwapa sokwe majina badala ya namba, kama alivyofanya akakemewa na wakubwa wa taaluma, kulikuwa ushujaa wa kisayansi, na historia imempa haki yake.

Lakini tazama kilichotokea Mei 1975. Wapiganaji wa kundi la waasi la Laurent Kabila kutoka Zaire walivuka ziwa usiku na kuwateka watafiti vijana wanne wa Gombe, Barbara Smuts akiwa mmoja wao. Waliachiliwa baadaye, ila wanafunzi wa kigeni waliondolewa. Utafiti haukusimama hata hivyo. Uliendelea mikononi mwa Watanzania, vijana wa vijiji vya jirani waliokuwa wamefunzwa kufuatilia sokwe kutwa nzima na kujaza karatasi za kumbukumbu. Hilali Matama alikuwa ameshuhudia Januari 1974 shambulio lililomjeruhi vibaya sokwe aitwaye Godi, tukio lililokuja kuhesabiwa kuwa mwanzo wa vita vya miaka minne kati ya makundi mawili ya sokwe wa Gombe, la Kasakela na la Kahama. Vita hivyo ni miongoni mwa ugunduzi mkubwa wa karne iliyopita kuhusu tabia za wanyama, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilionwa na kuandikwa na wafanyakazi wa Kitanzania. Goodall aliwataja na kuwashukuru. Ni wasomaji wangapi wa Kigoma, achilia mbali wa New York, wanaolijua jina la Matama? Amboseli imefika mbali zaidi katika hili: Raphael Mututua na Serah Sayialel, waangalizi wa nyani kwa miaka mingi, wamo katika orodha za waandishi wa makala za kisayansi. Hiyo ndiyo njia. Taaluma inayodai kuuliza jina la nani linaandikwa haiwezi kuyanyamazia majina haya ikabaki na heshima yake.

Wapo wanaoipinga taaluma hii kwa sababu yenye uchungu wa haki. Mwanamke amelinganishwa na mnyama kwa karne nyingi ili adharauliwe, na Mwafrika amelinganishwa na nyani ili auzwe, apigwe na atawaliwe. Kwa nini leo msomi atuweke tena katika ukurasa mmoja na sokwe? Siwezi kulipuuza swali hili, na sidhani yeyote anayeandika kwa Kiswahili anaweza. Jibu langu ni kwamba matusi yale hayakutokana na kumjua mnyama. Yalitokana na kuchora ngazi, mwanamume wa Ulaya juu, wanyama chini, na wengine wote kupangwa katikati kwa manufaa ya aliyeichora. Anayekimbilia kupanda daraja moja juu anaiacha ngazi imesimama, na aliye juu yake atabaki na uwezo wa kumshusha. Kazi iliyo bora katika fani hii huchunguza jinsi ngazi ilivyojengwa, msumari kwa msumari, na nani alifaidika. Asiyejali historia ya ubaguzi akaandika kwamba mateso ya ng'ombe na mateso ya mtumwa ni kitu kimoja amekosea vibaya, na wako walioandika hivyo. Makosa yao yanahitaji wasomi wa Kiafrika ndani ya uwanja, wenye vyeo na sauti ya kuyakataa.

Linabaki pingamizi la njaa: kwamba haya ni mambo ya walioshiba. Sioni hoja dhaifu kuliko hii, kwa kuwa ni katika nchi zetu ambamo mnyama na mwanamke wanashiriki mzigo mmoja kila siku. Tazama punda. Kenya iliruhusu machinjio manne ya punda kuanzia mwaka 2016 ili kulisha soko la China la dawa inayotengenezwa kwa gundi ya ngozi. Wizi ukaenea vijijini, bei ya punda ikapanda, serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikalitengua katazo, na hatimaye Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Katika hesabu za biashara, punda aliyechinjwa ni ngozi na kilo za nyama. Katika kaya ambako mama huchota maji mbali, punda aliyeibwa maana yake ni madumu yaliyorudi mgongoni mwa mama, au binti aliyeacha shule ayabebe. Mchumi asiyeuliza habari za mwanamke haioni hasara hiyo, na mtetezi wa wanyama asiyeuliza anaona nusu yake.

Tazama tena ng'ombe wa Wamaasai. Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson alionesha, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Wamaasai wa Tanzania, kwamba wakoloni waliwatambua wanaume kuwa ndio wenye mifugo, wakawatoza kodi, wakawaita mikutanoni na kufanya nao biashara, ilhali awali wanawake walikuwa na haki zao juu ya maziwa, ngozi na hata mifugo waliyokabidhiwa kwa ajili ya watoto wao. Kila mradi uliofuata, ukiwamo ule mkubwa uliogharimiwa na Marekani katika miaka ya 1970, ulilirithi kosa hilo: mtaalamu wa mifugo alizungumza na mwanamume kuhusu nyama, na mkamuaji, anayejua ni mtamba gani ameanza kukonda, hakuulizwa. Kosa hili ni la aina ileile iliyofanyika kwa nyani: aliyetazama alihesabu walichokifanya madume, akaandika kwamba ameliona kundi zima.

Wala si kweli kwamba hatuna mizizi katika uwanja huu. Wangari Maathai alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia hapo, na fani yake ilikuwa anatomia ya wanyama. Akiwa mhadhiri aliungana na mwenzake Vertistine Mbaya kudai kwamba wanawake walimu wa chuo wapewe masharti ya kazi sawa na ya wanaume. Ni alipokuwa akikusanya kupe kwenye ng'ombe wa vijijini, kwa utafiti wa ugonjwa wa ndigana, ndipo alipoona ng'ombe wamekonda, mito imejaa udongo na watu hawana lishe ya kutosha, akaanza kuunganisha hali ya ng'ombe na hali ya wanawake waliokosa kuni na chakula. Mwaka 1977 alianzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt. Tunamkumbuka kwa miti na kwa Nobeli ya mwaka 2004. Tungemkumbuka pia kama msomi wa wanyama ambaye sayansi yake ilimfikisha kwa wanawake.

Makerere ina skuli ya masomo ya wanawake na jinsia, iliyoanza kama idara mwaka 1991, nayo ina chuo cha tiba ya mifugo. Sokoine, Morogoro, inafundisha tiba ya wanyama na usimamizi wa wanyamapori. Nairobi ina jina la Maathai. Nawasihi wakuu wa vyuo hivi waanzishe nafasi za kudumu za uhadhiri zinazosimama katikati ya fani hizo, zenye mshahara na fedha za utafiti, ili binti wa Kigoma au wa Kajiado anayetaka kusoma habari za sokwe, punda au ng'ombe pamoja na habari za wanawake asilazimike kwenda California kutafuta msimamizi. Nawasihi wanaotoa vibali vya utafiti katika hifadhi zetu waweke sharti kwamba waangalizi wenyeji waliokusanya takwimu watajwe miongoni mwa waandishi, na kwamba matokeo yaandikwe pia kwa Kiswahili na kupelekwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Na kumbukumbu walizoandika Hilali Matama na wenzake, mwaka baada ya mwaka wakati wageni hawapo, zipewe mhariri na mchapishaji nchini Tanzania, wakati bado wapo hai watu waliofanya nao kazi.